Kofia Moja na Samaki Saba Walambamawe

Sogeeni basi. Waliokaa mlangoni waingie ndani, na mwenye simu ailaze kifudifudi. Hii yangu haina zimwi wala binti mfalme. Ina samaki saba wasiozidi urefu wa kidole cha shahada, ina kofia moja iliyopauka, na ina ubishi ambao hadi leo, ukiuchokoza kwenye baraza yoyote ya mtaa ule pale Tanga, watu wanaacha kahawa ipoe. Sikilizeni vizuri, maana mwisho nitauliza swali, na sitaki mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Alikuwepo Mzee Singano, fundi wa maji mstaafu. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akipanda milima juu ya Muheza kusafisha chujio kwenye kijito yanakoanzia mabomba. Wiki yake ya mwisho kazini alirudi na vitu viwili: kofia ya kazi ya rangi ya kijani, na ndoo yenye samaki saba. Hao samaki mtaani waliitwa walambamawe, na jina liliwafaa. Chini ya tumbo wana mapezi yaliyoungana, wanayagandisha kwenye jiwe ili maji ya kasi yasiwachukue, halafu kazi yao kutwa nzima ni kulamba ule utelezi wa kijani unaoota juu ya jiwe. Chakula cha dukani ukiwamwagia wanakitazama tu.

Mzee aliwajengea tangi la kioo sebuleni, lenye pampu ya kusukuma maji upande mmoja hadi mwingine mithili ya kijito. Uani akapanga mabeseni sita juani, kila beseni na mawe yake ndani ya maji. Jiwe likishaota ukijani linaingia tangini, lililolambwa likaisha linatoka kwenda juani. Mawe yake yalikuwa na zamu, na zamu hizo alizishika kuliko alivyoshika zamu zake kazini. Dume kubwa, lenye mng'ao wa buluu ubavuni, alilipa jina la Meneja, kwa sababu lilikaa juu ya jiwe kubwa kuliko yote na kufukuza wenzake bila kufanya kazi yoyote inayoonekana.

Wageni walikuwa wakija kunywa chai wanasahau chai. Na mzee, wallahi, alikuwa na majivuno! Alikuwa akiketi na kofia yake kichwani kando ya kioo, anasema, "Hawa hawapatikani kwa kutaka. Mimi nililala kifudifudi majini siku tatu." Sasa magoti yalishakataa mlima. Hao saba ndio samaki wake wa mwisho, na alijua.

Haya. Nyumba ile ilikuwa na watu watatu wenye vipawa, na nitawataja mmoja mmoja msije mkawachanganya.

Wa kwanza ni Mwanahawa, binti yake, fundi cherehani mwenye duka barabara ya pili. Kipawa chake ni jicho. Bibi harusi akipita ng'ambo ya barabara, Mwanahawa anamwita: "Wee! Pindo lako la kushoto limepanda!" Wanapima, wanakuta kweli limepanda, tena upana wa uzi.

Wa pili ni Mbaruku, mtoto wake wa kiume, fundi baiskeli hapo hapo nyuma ya nyumba. Kipawa chake ni mikono. Aliwahi kutengeneza feni kwa mpini wa mwavuli. Kitu kikimfia mtu, kabla hajakitupa, anasema, kwanza Mbaruku akione.

Wa tatu ni Tunu, mkwe, mke wa mtoto mkubwa ambaye kazi ilimpeleka Mtwara. Aliishi hapo hapo kwa mzee. Kipawa chake ni miguu na shingo: akijitwisha ndoo iliyojaa pomoni, anavuka mtaa mzima, anasalimia, anacheka, anageuka kumjibu mtu, na tone halimwagiki. Tena alikuwa msafi! Sakafu yake ungeweza kuandalia chakula.

Siku moja daktari akasema macho ya mzee yana mtoto wa jicho, yapasuliwe, moja kwanza. Baada ya hapo, asiiname, asinyanyue kitu, maji yasimguse usoni, na jicho lile lifunikwe kwa wiki tatu. Jicho la pili ndilo hilo lenye ukungu, halioni zaidi ya vivuli.

Mzee akawaita wote watatu sebuleni. Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Sikilizeni, wanangu. Mgongo wangu umechoka, na hata nikiona tena, mabeseni siyawezi. Tangi hili nalitoa. Na linakwenda kwa mtu mmoja. Kazini nimeona: bomba likiwa na mafundi wawili, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyefunga koki. Tangi lina bwana mmoja. Ijumaa ya tatu kitambaa kikitoka, nitawaangalia samaki wangu kwa jicho langu. Nikiwakuta saba, wazima, basi yule aliyewafikisha atavaa kofia hii, na tangi litakwenda kwake."

Mwanahawa akauliza taratibu, "Mmoja wetu, yaani mimi na Mbaruku?"

"Nimeita wangapi hapa?"

"Watatu, baba."

"Basi ni watatu."

Tunu alikuwa amekaa mkekani, macho chini. Miaka sita ndani ya nyumba ile alikuwa akiitwa mkwe, na leo amehesabiwa na watoto. Moyo wake ulijaa, akajiapia kwamba wiki hizo tatu, hakuna mgeni atakayekuta vumbi kwenye nyumba ya baba yake huyu.

Na hapo ndipo balaa lilipopiga hodi.

Mnajua desturi zetu. Mzee amepasuliwa jicho, mtaa mzima lazima uje kumjulia hali. Wanakuja kwa makundi, wamejitanda, wamebeba uji na machungwa, na macho yao yanakagua nyumba kuliko yanavyomkagua mgonjwa. Siku ya nne, Tunu alisikia kuwa mashangazi kutoka Pangani wako njiani. Akatazama tangi. Kioo kina ukijani pembeni, mawe yana utelezi. Akatazama uani: mabeseni sita ya maji ya kijani yenye mawe machafu! Mabeseni hayo mzee alikuwa akiyashughulikia peke yake, na hakuna aliyewahi kumweleza Tunu kuwa ukijani ule ndio chakula. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Akapandisha kanga, akachukua waya wa kusugulia masufuria na majivu, akasugua. Alisugua mawe ya tangini, akasugua kioo, akaenda uani akasugua ya mabesenini yote, akayasuuza mara tatu, akayapanga yakauke. Yakawa meupe kama meno.

Mashangazi walipoingia, wa kwanza alishika mdomo. "Mashallah! Hili tangi au almasi?"

Na Mzee Singano, kwenye kiti chake, jicho moja limefungwa na jingine linaona vivuli, akavimba kifua. "Mkwe wangu huyo," akasema. "Mnamwona lakini? Hamna wa hivyo huko kwenu." Alidhani kimefutwa kioo tu, basi. Hakuuliza. Sifa zilimnogea, na mtu aliyenogewa na sifa haulizi maswali mengi.

Siku zikapita. Mwanahawa alikuwa akija kila asubuhi kumtia baba yake dawa ya matone, lakini tangi alilipa mgongo. Alikuwa na kinyongo chake. Kila mgeni anamsifu wifi, na yeye binti wa kuzaliwa anaonekana mpita njia. Siku ya tisa alipogeuka kuweka kichupa cha dawa mezani, jicho lake likaangukia kwenye kioo, na likanasa hapo.

"Baba," akasema, "Meneja ana tumbo gani?"

"La umeneja. La duara."

"Hana, baba. Limeingia ndani. Na huyu. Na yule. Wote saba, hapa chini ya mapezi, wana bonde." Akapiga magoti, akakaribia hadi pua ikagusa kioo. "Wanalamba, halafu wanahama. Wanalamba, wanahama. Hawapati kitu. Baba, mawe yamesuguliwa!"

Mzee akanyoosha mkono. "Nipe jiwe."

Akapewa. Akalipapasa kwa kidole gumba, na uso wake ukabadilika. Lilikuwa la kukwaruza, halina hata chembe ya utelezi. "Ya mabesenini?" akauliza, na sauti yake ilishajua jibu.

"Tunu!" Mwanahawa aliita, na ikasikika hadi dukani kwa muuza mkaa. "Wifi yangu, njoo uone usafi wako! Umewaosha chakula!"

Tunu alikuja na mikono yenye unga. Alipoelewa, alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. "Nilidhani uchafu," akasema. "Baba, nilidhani uchafu. Nilitaka nyumba yako isisemwe."

Mzee hakufoka. Alijikumbuka siku ile alivyovimba kifua. "Na mimi nilipewa sifa nikazila," akasema. "Jiwe jipya linahitaji wiki mbili za jua kuota. Hawana wiki mbili. Sijui kama wana siku mbili."

Tunu akainua kichwa. "Kijitoni yapo?"

"Yapo. Lakini ni mbali, mwanangu. Ukishuka kwenye basi ni kupanda saa mbili na nusu."

"Nielekeze."

Basi Mzee Singano akafumba hata lile jicho la ukungu, akampeleka kwa maneno. Penye daraja la magogo ushike kulia. Bomba kuukuu lifuate hadi kwenye chujio. Chini ya chujio, maji yanapochemka weupe, ndipo. "Chagua mawe ya bapa yenye utelezi mzito. Usiyaguse mgongoni, yashike kwa tumboni. Yaweke kwenye maji yake yale yale, ufunike kwa kanga mbichi. Na kurudi usipande pikipiki. Njia ile ina makorongo, mawe yatagongana, na ukijani wote utabaki njiani."

Aliondoka na basi la kwanza kesho yake. Ninyi mnaokwenda sokoni mnarudi mnalalamika miguu, msikilize. Mwanamke yule alipanda mlima peke yake, akalala kifudifudi kwenye maji baridi kama alivyokuwa akilala mkwewe, akachagua mawe kumi na moja. Akajitwisha ndoo ya mawe na maji, akashuka kwa miguu kuelekea barabara ya basi. Waendesha pikipiki watatu walisimama kumwonea huruma. Wa mwisho alisema atampeleka bure. "Ahsante, kaka," akamjibu, "nimebeba wagonjwa." Akaendelea kutembea, shingo imenyooka, na kijana yule alibaki anajiuliza wagonjwa wako wapi.

Sasa huku nyuma, adhuhuri, Mzee Singano alikuwa kitini anasikiliza maji. Mwanahawa alishatoka kwenda kukabidhi gauni la harusi. Ghafla mzee akashtuka. Hakusikia kitu. Na hicho ndicho kilichomshtua: pampu imenyamaza.

"Mbaruku! Mbaruku wee!"

Mbaruku alitokea nyuma ya nyumba na grisi hadi kwenye viwiko. Akaitoa pampu, akaifungua, akasonya. Ule mhimili mdogo wa kuzungushia umelika, umekatika katikati. Na hapa aibu ilimshika naye, kwa sababu tangu Ramadhani baba yake alikuwa akimwambia, pampu inalia vibaya, itazame, naye alikuwa akijibu kesho, baba, kesho. Pale tangini samaki walishaanza kupanda kioo, midomo juu, wanatafuta pumzi. Maji yaliyosimama kwenye joto la Tanga hayawafai hao hata kidogo, achilia mbali wakiwa na njaa.

Duka la vifaa halikuwa na mhimili wa aina ile. Akakata spoku ya baiskeli, akaibana kati ya vidole vya mguu, na kwa mkono wa kulia akaanza kuichonga kwa tupa. Kwa mkono wa kushoto alikuwa akichota maji ya tangi kwa kopo, anayainua juu, anayamwaga yarudi kwa kishindo, ili yapate hewa na mwendo. Anachonga, anamwaga. Anachonga, anamwaga. Baba yake, ambaye hakuruhusiwa kunyanyua hata kopo, alimsaidia kwa kitu pekee alichobaki nacho: alihesabu kwa sauti, ili mkono usilegee.

"Mia nne na kumi. Usilale, Mbaruku! Mia nne na kumi na moja."

"Baba, bega linakatika."

"Likikatika utalitengeneza. Si wewe fundi? Mia nne na kumi na mbili."

Spoku ya kwanza ilizidi wembamba. Ya pili ikapinda. Ya tatu, hesabu ikiwa imepita elfu mbili na mia, ikaingia mahali pake, pampu ikakohoa, ikakoroma, ikazunguka. Mbaruku alilala chali sakafuni, na kopo bado liko mkononi, vidole vimekataa kuliachia.

Alasiri ile ile Tunu aliingia mlangoni, nguo zimemganda mwilini kwa matope na jasho, ndoo kichwani. Mwanahawa, aliyekuwa amerudi, alimpokea mzigo, akasema, "Pole, wifi." Wakayaingiza mawe moja moja, wameyashika kwa tumboni. Halafu wakangoja. Samaki hawakusogea. Mzee alikuwa ameng'ang'ania mikono ya kiti.

"Mwanahawa, niambie."

"Wametulia tu, baba." Akasogeza pua kwenye kioo. "Meneja ametikisa mkia." Halafu Mwanahawa akapiga ukelele: "Analamba! Baba, analamba! Ameacha mstari kwenye jiwe! Na yule mdogo naye! Wote, baba, wote saba!"

Mzee Singano akacheka na jicho lake la ukungu likatoa machozi. Akawa anasema peke yake, "Hao ni wanangu. Semeni mnachotaka mtaani, lakini hao ni wanangu." Sidhani kama alikuwa anasema samaki.

Ijumaa ya tatu ikafika. Baada ya swala, sebule ilijaa hadi dirishani. Muuguzi wa jirani akatoa kitambaa taratibu. Mzee akapepesa, akageukia kioo. Miaka miwili alikuwa akiwaona samaki wake kwa ukungu. "Kumbe buluu yake ni hii," akanong'ona. "Nilishaisahau." Akahesabu kwa kidole. Saba. Matumbo ya duara.

Akavua kofia. Watu wote wakasogea.

Mwanahawa alitangulia, maana huyo hangojewi. "Baba, mimi kama nisingeona, mlima ungepandwa kwa sababu gani? Kila mtu hapa alikuwa anasifu kioo. Jicho langu ndilo lililowaokoa."

"Uliona siku ya tisa," Mbaruku akasema, "na ulikuwa unaingia humu kila siku. Siku nane ulikuwa umewapa mgongo kwa wivu. Mimi bega langu mpaka leo halipandi. Mawe yangefika yakute maiti saba."

"Na pampu ingefungwa spoku toka Ramadhani, bega lako lingekuwa zima!" Mwanahawa akarudisha. Watu wakacheka, na Mbaruku naye akacheka, lakini hakuondoa macho kwenye kofia.

Shangazi mmoja wa Pangani akasema kwa sauti, "Mbona Tunu hasemi?"

Tunu alikuwa mlangoni. "Mimi nitasema nini, shangazi? Niliyewanyima chakula ni mimi. Lakini baba, wasiniondoe kwenye hesabu. Nimewarudishia kwa kichwa changu, hatua kwa hatua, na sikumwaga hata tone. Kama mtoto wa nyumba hii akikosa, anaacha kuwa mtoto, basi sawa, mpe mwingine. Kama haachi, nitazame na mimi."

Ukasikika mlio wa pampu tu, ule mhimili wa spoku unavyozunguka.

Mzee Singano akasimama. Alimtazama Mwanahawa, kwa jicho jipya, akaona jinsi anavyofanana na marehemu mama yake. Akamtazama Mbaruku, akaona ndevu zimeanza mvi, na yeye hakujua. Akamtazama Tunu, akaona alama nyekundu ya kitako cha ndoo bado ipo kwenye paji la uso. Mtu hajawahi kujivunia nyumba yake vile. Na hajawahi kuogopa mkono wake mwenyewe vile, kwa sababu alitoa ahadi mbele yao: tangi lina bwana mmoja, na kofia ni moja. Akiigawa, amevunja kiapo chake. Akimpa mmoja, wawili watabaki wanahesabu walichofanya.

Akapiga hatua ya kwanza kuelekea kwao, kofia mkononi. Meneja aliyekuwa juu ya jiwe lake alikuwa ameshughulika na chakula chake, habari hizi hazimhusu.

Mimi hapo namwacha mzee, mkono umenyanyuka. Mtaa ule umegawanyika mafungu manne, na kila fungu linaapa. Wapo wa jicho, wapo wa bega, wapo wa shingo, na wapo wanaosema aliyekosa hawezi kutuzwa kwa kuponya kosa lake, mpaka waambiwe kwamba wote walikosa, na mzee wa kwanza wao.

Sasa nyinyi mliokula kashata zangu zote: kofia hiyo ni moja, vichwa ni vitatu, na mkono wa mzee unachoka. Ungekuwa wewe, ungemvika nani?